Nyumba Imara kwa Mtu wa Kipato Kidogo

(Hotuba kwa wanachama)



Nimeombwa niseme juu ya nyumba. Tarehe 10 Septemba 2016, saa tisa na nusu hivi alasiri, ardhi ilitetemeka Bukoba kwa kipimo cha 5.9. Watu zaidi ya 15 walifariki, mamia walijeruhiwa. Shule za Ihungo na Nyakato ziliharibika hata zikafungwa. Sasa nauliza: kilichoua ni nini? Waliokuwa shambani ardhi iliwatikisa, wakasimama tena. Aliyeua ni ukuta.

Tazameni tunavyojenga. Tofali la kuchoma linalazwa juu ya tope, pembe hazishikani, na juu hakuna kinachofunga kuta pamoja. Ardhi ikitikisika kila ukuta hushika njia yake. Fundi hodari huzungusha mkanda wa zege wenye nondo juu ya milango na madirisha, nyumba nzima, bila kuukata. Hupishanisha matofali penye pembe. Huweka dirisha mbali na pembe. Msonge wa wazee wa Kihaya ulikuwa wa miti na nyasi. Tuliucheka, lakini ulikuwa mwepesi.

Wako watakaosema tujenge kwa saruji tupu. Bei mwaijua. Tena saruji hupikwa kwa moto mkali, na hewa ya ukaa itokayo humo huzidisha joto la dunia. Tanuri la matofali nalo hula miti, vilima vikabaki uchi.

Iko njia nyingine. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi ulikwisha kutufundisha tofali la kufungamana: udongo wa papo hapo, saruji kidogo, likashindiliwa kwa mashine ya mkono. Halichomwi. Huwekwa kivulini na kumwagiwa maji siku kadhaa. Mwenye haraka asilijaribu. Wala asidanganywe mtu kwamba kwa kuwa yanashikana hayahitaji nondo na mkanda. Yanahitaji.

Mashine ni ghali kwa mtu mmoja, si kwa kijiji kikichanga. Jumamosi kila mwanachama alete udongo wa kiwanja chake na chupa ya kioo. Tutautia maji, tutikise, tuuache utuame, tuone mchanga ni kiasi gani na mfinyanzi ni kiasi gani. Mafundi waje mapema.