Nondo Ndani ya Zege

Ndugu msikilizaji wa Nakivale, nawe fundi uliyeko Mbarara, leo tutazame nguzo ya zege. Hewa ukaa, ile tunayoitoa puani na inayotoka pia kwenye jiko la mkaa, hupenya polepole katika vitundu vidogo vya zege. Humo hukutana na chokaa iliyotokana na saruji, ikaigeuza kuwa madini yale yale ya mawe ya chokaa. Zege lenyewe halidhoofiki. Mara nyingi huwa gumu zaidi. Hapo ndipo watu hudanganyika, maana inayoumia ni nondo ya chuma iliyo ndani. Ukali wa chokaa ndio unaoikinga na kutu. Ukiisha, unyevu huila, kutu huvimba kuliko chuma chenyewe, na zege hupasuka na kubanduka.

Fundi wangu, ili hewa hiyo isipenye upesi, usizidishe maji ya kuchanganyia ili koleo liwe jepesi. Tenga nondo na mbao za kumwagia zege kwa vipande vidogo vya zege, zifunikwe na zege la unene wa angalau milimita 25, na zaidi panaponyeshewa. Kisha mwagilia siku 7. Najua maji Nakivale hubebwa kwa madumu, na kila dumu lina kazi nyumbani; basi funika zege kwa magunia yaliyolowa au nailoni, unyevu usitoroke.