Jasho Si Ushahidi wa Hatia
(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa polisi na wananchi wa mpakani)



Huenda baadhi yenu mkashangaa kuwasikia polisi wakizungumza juu ya jasho na harufu ya mwili. Lakini mpakani watu husimama karibu karibu, hutazamana usoni, na hukisiana nia. Tumeona ni vyema tuanze kwa kukiri kosa letu wenyewe.

Usiku mmoja wa baridi tulimsimamisha dereva wa lori. Shati lake lilikuwa limelowa jasho na mikono yake ilitetemeka. Tukasema mioyoni mwetu kwamba huyu ana la kuficha. Tukaushusha mzigo wake, gunia baada ya gunia, hadi alfajiri, wala hatukupata kitu. Tulipomuuliza hatimaye, alijibu kwa upole kwamba tangu jioni alikuwa amekunywa vikombe vitano vya kahawa kali na makopo mawili ya kinywaji cha kuongeza nguvu, ili asisinzie. Nasi tukamwambia aende zake. Tulikuwa tumemtafuta mhalifu asiyekuwepo, tukamrudisha barabarani mtu aliyehitaji kulala. Kosa hili la pili ndilo linalotuumiza zaidi.

Basi tujifunze pamoja. Kahawa, chai, kola na vinywaji vya kuongeza nguvu vina kafeini. Ubongoni mwetu hujikusanya kemikali iitwayo adenosini kadiri tunavyokaa macho, nayo ndiyo hutuletea usingizi. Kafeini huziba mahali ambapo adenosini hufanyia kazi yake. Uchovu hauondoki, bali hunyamazishwa kwa muda. Wakati huohuo kafeini huamsha neva zilezile ziamkazo mtu anapoogopa: moyo huenda mbio, vidole hutetemeka, na tezi za jasho huanza kazi. Kinywaji kikiwa cha moto, jasho huzidi. Kwa hiyo mtu aliyezidisha kahawa na mtu mwenye hofu waweza kufanana kama mapacha. Na hata mwenye hofu si lazima awe na hatia, kwa maana bunduki begani mwa askari yatosha kumtoa jasho mtu mwema.

Tukumbuke pia kwamba vikombe havilingani. Kahawa ya robusta, ilimwayo kwa wingi nchini Uganda, ina kafeini karibu maradufu ya ile ya arabika ya miteremko ya Mlima Elgon.

Ama harufu, nayo ina sababu yake. Jasho litokapo mwilini karibu halina harufu yoyote. Tezi zilizoenea mwili mzima hutoa maji na chumvi ili kuupoza mwili. Tezi nyingine, za makwapani na kinenani, hutoa jasho zito zaidi, hasa tunaposisimka au kufadhaika. Bakteria waishio juu ya ngozi hulivunjavunja jasho hilo, ndipo kikwapa hutokea. Kahawa yaweza kuongeza jasho, na jasho huwalisha bakteria. Dawa yake ni sabuni na maji, kujikausha vizuri, kubadili shati, na kwa apendaye, jiwe la shabu. Mchukuzi abebaye magunia tangu asubuhi asitukanwe kwa harufu ya kazi yake. Afadhali apewe mahali pa kuoga.

Mtu mzima mwenye afya anashauriwa asizidishe miligramu 400 za kafeini kwa siku, na mama mjamzito asizidishe 200. Kikombe kimoja cha kahawa chaweza kuwa na takriban 100, na kikiwa kikali, zaidi. Mwili huchukua karibu saa tano kuondoa nusu yake. Aliyekunywa saa mbili usiku, ifikapo saa saba nusu ingali mwilini.

Lakini si kila jasho ni la kahawa. Jasho la usiku pamoja na kikohozi kisichokoma na kukonda laweza kuwa dalili ya kifua kikuu. Jasho pamoja na homa laweza kuwa la malaria. Jasho la baridi pamoja na maumivu ya kifua, au linalomtoka mgonjwa wa kisukari aliyekosa chakula, ni jambo la haraka. Mficha uchi hazai: msione haya kwenda zahanati. Nasi askari tukimwona mtu wa namna hiyo foleni, wajibu wetu ni kumsaidia kabla ya kumhoji.

Tunawaahidi kwamba jasho peke yake halitakuwa tena sababu ya kumshuku mtu. Tutatazama hati, mzigo na maelezo yake, na dereva tutamuuliza kwanza, "Ndugu, ulilala lini?" Nanyi madereva tunawaomba, macho yakilemea, egesheni gari na mlale. Usingizi ni deni. Kahawa huliahirisha tu, haililipi, na barabarani deni hilo hudaiwa hata kwa watoto wavukao kwenda shule.