Asiyeijua Lugalo ataangukia Lugalo yake

Hii ni mada iliyotolewa mbele ya vijana mjini Ilula, wilayani Kilolo, Mkoa wa Iringa. Tunaichapa kama ilivyosomwa.



Nianze na swali. Ukipanda daladala pale Mwenge, Dar es Salaam, kwenda Tegeta, konda atapiga kelele: "Lugalo!" Watashuka wa kambini, watashuka wa hospitali ya jeshi, gari litaondoka. Umewahi kujiuliza hiyo Lugalo ni kitu gani?

Mwenye jina yuko huku kwetu Kilolo. Lugalo ni mahali kando ya barabara kuu, kati ya hapa Ilula na Iringa mjini. Mabasi ya Mbeya na malori ya Tunduma yanapita hapo usiku na mchana. Waheshimiwa nao wanapita, vioo vimefungwa, kiyoyozi kinapuliza. Laiti wangesimama dakika kumi tu na kuuliza hapo palitokea nini, huenda wangetawala vizuri zaidi.

NYUNDO ALIYEHAMISHWA

Tarehe 17 Agosti 1891, jeshi la kikoloni la Wajerumani lilipita Lugalo likiongozwa na Emil von Zelewski. Wananchi walimpa jina la Nyundo, nawe unajua kazi ya nyundo ni kugonga tu. Askari wa Mtwa Mkwawa walikuwa wamejificha vichakani. Ishara ilipotolewa walitoka na mikuki na ngao, na bunduki za Mjerumani hazikupata nafasi ya kupangwa. Walikufa Wazungu kumi na askari zaidi ya 200. Nyundo mwenyewe alibaki hapo hapo.

Hiyo ndiyo sehemu tunayoipenda, tunaisimulia tukipiga vifua. Lakini mimi leo nataka tuulize jingine: huyu Nyundo alifikaje Lugalo?

Miaka mitatu kabla, mwaka 1888, huyu huyu Zelewski alikuwa Pangani, ajenti wa kampuni ya Wajerumani. Alimdharau liwali, akakata mlingoti wa bendera ya Sultani, akaingia msikitini na mbwa. Pwani ikawaka moto. Vita vya Abushiri, vilivyowatoa jasho Wajerumani mpaka Abushiri aliponyongwa Desemba 1889, vilianzia kwenye kiburi cha namna hiyo.

Sasa sikiliza. Mtu aliyechoma moto Pangani, wakubwa wake walimfanya nini? Hawakumwajibisha, walimpandisha cheo! Mwaka 1891 ndiye aliyekuwa mkuu wa jeshi lote la koloni. Wakamtuma Uhehe akiwa na dharau ile ile ya Pangani. Njiani alichoma vijiji, akaamini mtu mweusi akisikia mlio wa bunduki atakimbia. Hakuuliza Wahehe ni watu gani, wala wamepigana na nani kabla yake.

Ndugu yangu, mchezo huu huujui? Kigogo anavuruga wilaya hii, anahamishiwa wilaya ile. Anaua shirika hili, anapewa lingine. Wananchi wakilalamika, wanaambiwa ndiye mchapa kazi. Kumbukumbu zikifungiwa kabatini, kila Nyundo anafika kituo kipya akiwa msafi kama mtoto mchanga. Wanaolipa ni askari wadogo na wananchi. Hata mnara wa Lugalo Wajerumani waliujenga kwa ajili ya kuwakumbuka watu wao. Askari wale Waafrika waliobaki majanini, nani anawakumbuka?

UKUTA WA KALENGA

Lakini historia si mganga wa kusema unachotaka kusikia. Inatuuma na sisi pia.

Mkwawa alishinda Lugalo, lakini alipoteza mashujaa wengi. Baada ya hapo akautegemea ukuta wa mawe wa Kalenga. Wajerumani walitumia miaka mitatu kujifunza. Tarehe 30 Oktoba 1894 walirudi na mizinga, na Kalenga ikaanguka. Aliyeshindwa alisoma somo la Lugalo kwa makini kuliko aliyeshinda.

Mkwawa hakusalimu amri. Alipigana vita vya msituni karibu miaka minne mpaka Julai 1898, alipojipiga risasi ili asishikwe akiwa hai. Huo ni ushujaa usio na ubishi. Lakini kiongozi mwenye akili atauliza: kwa nini alikuwa peke yake?

Merere wa Usangu, jirani na adui wa zamani wa Wahehe, alishirikiana na Wajerumani. Mpangile, ndugu wa Mkwawa mwenyewe, alikubali kutawazwa na Wajerumani mwishoni mwa 1896. Mapema 1897 walimtuhumu kumsaidia kaka yake kwa siri, wakamnyonga. Na ilipofika 1905, Vita vya Maji Maji vilipowaka Songea, Mahenge na kwingineko, Wahehe wengi walikaa upande wa Mjerumani. Miaka saba tu baada ya kifo cha Mkwawa!

Sisemi haya kumtukana mtu. Nasema kwa sababu ugonjwa huo tunao. Mwaka 1995, katika uchaguzi wa kwanza wa urais wa vyama vingi tangu mfumo huo urudishwe mwaka 1992, chama tawala kilikuwa na mgombea mmoja. Sisi wapinzani tulikuwa na watatu, kila mmoja na ngoma yake. Tukashangaa kupigwa. Tungekuwa tumekaa na wazee wa Kalenga na Utengule, tusingeshangaa.

KRISMASI YA ISIMANI

Wapo watakaosema hayo ni ya mababu. Basi njoo karibu zaidi.

Isimani iko hapo jirani, upande wa pili wa Iringa mjini. Wakulima wa kule walifyeka pori, wakalima mahindi kwa matrekta, wakalisha nchi. Likaja agizo la ujamaa. Mkuu wa Mkoa, Dk. Wilbert Kleruu, alikuwa na bidii ya kulitimiza. Siku ya Krismasi mwaka 1971 alikwenda shambani kwa mkulima Saidi Mwamwindi. Maneno yakawa makali. Mwamwindi akachukua bunduki, Dk. Kleruu akafa. Mwamwindi akahukumiwa, akanyongwa.

Nyumba mbili zililia. Simtetei muuaji, damu ya mtu haina utetezi. Lakini nauliza: kabla ya kuwaambia watu wa Isimani waiache ardhi ile, nani aliketi nao akauliza waliipataje, na kwa jasho gani?

Na je, somo lilishika? Miaka michache baadaye ikaja Operesheni Vijiji, mamilioni ya watu wakahamishwa nchi nzima, wengine kwa nguvu. Ilibidi kusubiri mpaka mwaka 1991 ndipo Rais Mwinyi alipounda tume ya ardhi chini ya Profesa Issa Shivji, izunguke kusikiliza vilio. Sheria mpya za ardhi zikapitishwa mwaka 1999. Robo karne na zaidi kwa jambo ambalo Isimani ililisema kwa siku moja!

WENYEWE WANAIJUA THAMANI YAKE

Usidanganyike kwamba watawala hawaijui thamani ya historia. Wanaijua sana ikiwafaa. Mwaka 1919, wakubwa wa dunia walipokutana Versailles kugawana ushindi wa vita, waliandika kwenye kifungu cha 246 kwamba Ujerumani irudishe fuvu la Mkwawa. Vita vya dunia nzima, na bado wakapata nafasi ya fuvu la mtu wa Iringa!

Likakaa huko. Tarehe 19 Juni 1954 Gavana Edward Twining alilileta Kalenga kwa mkono wake, akamkabidhi Chifu Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge letu kwa miaka mingi. Mwingereza alijua Mhehe akirudishiwa babu yake atalainika. Siku 18 baadaye, tarehe 7 Julai 1954, TANU ikazaliwa Dar es Salaam. Gavana alicheza karata nzuri, lakini wakati ulishamwacha.

Kwa hiyo wewe kijana wa mjini, unayeuza mitumba, unayeendesha bodaboda, uliyemaliza shule na huna kazi, historia usiwaachie wao. Anayekusimulia jana ndiye anayekupangia kesho. Wengine bado wanaamini upinzani uliletwa na wafadhili mwaka 1992. Hawajasikia kwamba Zuberi Mtemvu wa chama cha African National Congress alisimama kugombea urais dhidi ya Mwalimu Nyerere mwaka 1962. Alipata kura chache mno, lakini alisimama.

MASWALI MATATU

Mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya humchagui wewe, wanateuliwa na Rais. Mbunge na diwani ndio wanaokuja kukuomba kura. Wote wakija kwenye mkutano, acha wamalize ahadi zao, kisha nyoosha mkono uwaulize maswali matatu.

La kwanza: kabla yako, hapa palitokea nini? La pili: aliyekutangulia alikosea wapi, na wewe utafanya nini tofauti? La tatu: huko ulikotoka, uliacha nini?

Asiyeweza kujibu la kwanza ni mgeni. Asiyeweza kujibu la pili atarudia makosa. Na anayekasirishwa na la tatu, chunguza vizuri, huenda ni Nyundo amehamishwa kutoka Pangani.

Na sisi wa upinzani tuulizwe hayo hayo, kwa sauti ile ile. Tukishindwa kuyajibu, tusipewe kura.