Kiti Kilichoachwa Wazi ni cha Nani?

Maelezo yaliyotolewa mbele ya makatibu wa vyama vya msingi



Nimeombwa nieleze jambo ambalo kila katibu hukutana nalo siku moja. Mjumbe aliyechaguliwa anapofariki, anapojiuzulu au anapohama kabla ya muda wake kwisha, ni nani mwenye haki ya kumpata mrithi wake? Nimeona nilitazame jambo hilo kwa mfano wa mbali, yaani mabaraza ya juu ya majimbo ya Australia. Huko swali hilo limejibiwa kwa njia tatu mbalimbali, na katika Bunge la taifa lao uamuzi wa namna hiyo ulichangia kuanguka kwa serikali.

Australia ni shirikisho la majimbo 6, na kila jimbo lina bunge lake. Matano kati yake yana mabaraza mawili. Queensland ililifuta baraza lake la juu mwaka 1922, ikaondokana na tatizo pamoja na baraza lenyewe. Baraza la juu huitwa Baraza la Kutunga Sheria, jina ambalo wazee wetu hapa wanalikumbuka kwa sababu nyingine.

Njia ya kwanza ni uchaguzi mdogo, nayo hutumika Tasmania. Baraza la huko lina wajumbe 15, kila mmoja na eneo lake. Mjumbe akiondoka, watu wa eneo lile hupiga kura tena. Hapo hapana la kubishania.

Kwingineko mambo si mepesi hivyo. Katika New South Wales baraza lina wajumbe 42, na nusu yao, yaani 21, huchaguliwa kila baada ya miaka 4. Jimbo zima huwa eneo moja, na viti hugawanywa kwa uwiano wa kura. Kundi lenye kura zipatazo asilimia 5 hujipatia kiti kimoja. Chukulieni basi kwamba mjumbe wa kundi hilo dogo amefariki. Ukiitishwa uchaguzi mdogo wa jimbo zima kwa ajili ya kiti hicho kimoja, chama kikubwa ndicho kitakachokitwaa, na wale wachache waliokuwa na msemaji mmoja watabaki bila msemaji, si kwa kushindwa, bali kwa kufiwa. Katibu ambaye kamati ya chama chake hutoka vijiji vikubwa na vidogo ataielewa hesabu hii upesi kuliko wanasheria.

Kwa sababu hiyo New South Wales, Victoria na South Australia hutumia njia ya pili: wajumbe wa mabaraza yote mawili hukutana katika kikao cha pamoja na kumchagua mrithi. Lakini kikao hicho nacho huongozwa na walio wengi. Ni nini kinachowazuia wasijichukulie kiti cha wenzao?

Mwaka 1975 hapakuwa na cha kuwazuia. Viti vya Seneti, baraza la juu la taifa, vilipokuwa wazi, vilijazwa na mabunge ya majimbo. Desturi ilitaka mrithi atoke chama kilekile, lakini desturi haikuwa sheria. Februari mwaka huo Lionel Murphy wa chama cha Labor alikwenda Mahakama Kuu, na New South Wales ikampeleka Cleaver Bunton, mtu asiye na chama. Mwezi Juni Bertie Milliner, naye wa Labor, alifariki. Queensland ilimkataa mtu aliyependekezwa na Labor, ikamchagua Albert Field, aliyekuwa mpinzani wa Waziri Mkuu Whitlam. Upinzani ukapata nguvu ya kuzuia bajeti katika Seneti, na tarehe 11 Novemba Whitlam akaondolewa madarakani. Katika kura ya maoni ya mwaka 1977 wananchi waliiingiza desturi ile katika Katiba. Sheria za majimbo niliyoyataja nazo hutaka mrithi wa mjumbe wa chama atoke chama hichohicho.

Kwa maoni yangu kinga hiyo ni ya lazima, lakini ina gharama yake. Kikao cha pamoja hubaki kuthibitisha tu jina lililoamuliwa ndani ya chama, na mrithi aweza kuwa mtu ambaye jina lake halikupata kuwamo katika karatasi ya kura.

Njia ya tatu ilitumika Western Australia wakati jimbo lilipokuwa limegawanywa katika kanda 6, kabla ya uchaguzi wa mwaka 2025. Kura za uchaguzi uliopita zilihesabiwa upya ili kuona wapiga kura walimtaka nani baada ya yule aliyeondoka. Uamuzi ulibaki kwa mpiga kura, ila ni waliogombea safari ile tu walioweza kufikiriwa.

Na je, mjumbe asiye na chama? Nick Xenophon wa South Australia alichaguliwa mwaka 2006 kama mgombea binafsi, orodha yake ikipata takriban asilimia 20 ya kura. Oktoba 2007 alijiuzulu ili agombee Seneti. Hapakuwa na chama cha kupendekeza mrithi. Kikao cha pamoja kilimchagua John Darley, aliyekuwa katika orodha ileile ya mwaka 2006. Muda wa kujiuliza mbele ya wapiga kura ulifika mwaka 2014. Alikuwa amekalia kiti hicho kwa zaidi ya miaka 6.