HOTUBA YA KATIBU WA TAWI: VUMBI LA ASBESTO NA HAKI YA MFANYAKAZI

Ndugu Mwenyekiti wa Tawi, ndugu mabalozi wa mashina, wazee wetu, akina mama, vijana na wanachama wote,

Hii ndiyo hotuba iliyosomwa kwenye mkutano wa wanachama Jumapili. Tunaituma hapa kwa sababu wengi wenu mlikuwa zamu. Ni ndefu kidogo, tunaomba msome mpaka mwisho na mwasomee wasio na simu.

*1. Tuanze na deni letu*

Mwaka jana tulimzika mzee wetu mmoja aliyefanya kazi chumba cha boila kiwandani kwa miaka 22. Tawi lilichanga rambirambi, tukaandika daftari, tukamkabidhi mama bahasha, tukarudi nyumbani tukiona tumemaliza wajibu. Hakuna hata mmoja wetu, tukiwemo sisi viongozi, aliyeuliza mzee amekufa kwa ugonjwa gani na ugonjwa huo aliupata wapi.

Wiki tatu zilizopita binti yake alituletea mafaili ya hospitali. Mzee alitumia dawa za kifua kikuu mara mbili, ingawa makohozi yake hayakuwahi kuonyesha vijidudu. Picha ya mwisho ilionyesha mapafu yaliyokakamaa. Daktari aliandika aulizwe kama amewahi kufanya kazi na asbesto. Hakuna aliyejibu swali lile. Wenzake wa zamani wanajua jibu: kazi yake ilikuwa kukoroga unga mweupe kwa mikono na kuuzungushia mabomba ya mvuke, bila hata kitambaa puani.

Tangu tumzike imepita miezi 10. Mtaona hapa chini kwa nini hesabu hiyo inatunyima usingizi.

Jambo la pili ni la wiki hii. Vijana wetu wanne wamechukuliwa vibarua kubomoa paa la ghala la zamani. Wanavunja vigae kwa nyundo, wanavitupa chini, na vipande vizima wanaruhusiwa kubeba wakaezekee mabanda ya kuku. Wanaona wamepata bahati. Paa lile ni la asbesto.

*2. Asbesto ni nini*

Ni madini ya asili yenye nyuzinyuzi. Hayaungui kwa urahisi na yanazuia joto, ndiyo maana yalipendwa sana zamani: vigae vya kuezekea, mabomba ya maji, gasketi, breki za magari, na vifuniko vya mabomba ya mvuke. Kigae kizima kilichotulia juu hakina hatari kubwa. Hatari huanza kinapokatwa, kinapotobolewa, kinapovunjwa au kinapochakaa, kwa sababu nyuzi zinapeperuka. Nyuzi hizo ni ndogo mno, macho hayazioni, na zikishaingia mapafuni hubaki humo.

Zinaleta magonjwa makuu matatu. La kwanza ni asbestosisi, mapafu yanakuwa na makovu na pumzi inakata. La pili ni saratani ya mapafu. La tatu ni mesotelioma, saratani ya utando unaozunguka mapafu au tumbo. Shirika la Afya Duniani linasema aina zote za asbesto husababisha saratani. Anayevuta sigara huku akivuta vumbi hilo anaongeza sana hatari ya saratani ya mapafu.

Shida kubwa ni kwamba magonjwa haya hayana haraka. Huchukua miaka 10, 20, hata 40 kujitokeza. Mtu anastaafu mzima, anaanza kuhema akiwa shambani kwake, na wakati huo kiwanda kimeuzwa na msimamizi wake amefariki. Hata mke aliyefua ovaroli za mumewe anaweza kuugua bila kukanyaga geti la kiwanda.

*3. Sheria inasema nini*

Ndugu wanachama, hatuombi huruma ya mtu. Sheria zipo.

Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Na. 5 ya 2003, inamtaka mwajiri amkinge mfanyakazi na hatari za kazi na afanye upimaji wa afya kazini. Msimamizi wake ni OSHA. Mfanyakazi au jirani anaweza kupeleka taarifa huko, na wakaguzi wana mamlaka ya kuingia kazini na kusimamisha kazi ya hatari.

Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi, Na. 20 ya 2008, ndiyo iliyounda Mfuko wa Fidia, yaani WCF, ulioanza kazi Julai 2015. Mfuko huu unafidia ajali na pia magonjwa yanayotokana na kazi. Mafao yake ni pamoja na matibabu, malipo ya ulemavu wa muda na wa kudumu, malipo kwa anayemhudumia mgonjwa asiyejiweza, utengamao, msaada wa mazishi, na malipo kwa wategemezi. Mchango wote hulipwa na mwajiri. Ukikuta umekatwa mshahara kwa ajili ya WCF, hilo ni kosa. Na usiache kudai kwa sababu umesikia mwajiri hakuchangia, kwani wajibu huo ni wake.

Sasa sikilizeni hapa. Taarifa na dai vinatakiwa kufika ndani ya miezi 12. Kwa familia ya mzee wetu, tukihesabu tangu siku ya kifo, imebaki miezi 2. Wapo watakaosema wao wameshachelewa. Ushauri wetu ni huu: usijikatalie mwenyewe. Peleka dai, na mwenye mamlaka kama anakataa, akatae kwa maandishi. Uamuzi wa maandishi unaweza kupingwa. Neno la barazani halina rufaa.

Na anayeachishwa kazi kwa sababu ameugua au amelalamika aende Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Siku hizo zisiishie kwenye kikao cha ukoo.

*4. Karatasi ndizo mashahidi*

Sisi tuliosomea uhasibu tulifundishwa kwamba malipo yasiyo na hati ni hadithi. Ugonjwa wa kazini nao ni hivyo hivyo. Kila mwanachama aliyewahi kufanya kazi kiwandani aanze kukusanya:

(a) Mkataba, barua ya ajira, kitambulisho au slipu za mshahara. Kama vimepotea, nenda NSSF uombe taarifa ya michango yako. Inaonyesha mwajiri wako na miezi uliyochangiwa.

(b) Maelezo ya kazi yako kwa mkono wako: idara gani, mwaka gani mpaka mwaka gani, ulishika nini.

(c) Majina ya wenzako wawili au watatu mliofanya kazi pamoja na walio hai.

(d) Vyeti vyote vya hospitali na picha za kifua. Ukifika kwa daktari usiseme tu unakohoa. Mwambie ulifanya kazi gani, na uombe aiandike kwenye faili.

(e) Nakala ya kila barua unayopeleka, yenye mhuri na tarehe ya kupokelewa.

*5. Wenzetu wa Afrika Kusini*

Wachimbaji wa asbesto na familia zao, kutoka maeneo kama Prieska na Penge, waliishtaki kampuni ya Cape ya Uingereza huko huko London. Kampuni ilidai kesi irudishwe Afrika Kusini, ambako watu wale hawakuwa na uwezo wa kuiendesha. Julai 2000 mahakama ya juu ya Uingereza iliamua kesi isikilizwe kule. Wadai walifika 7,500. Makubaliano ya kwanza yalikuwa paundi milioni 21, kampuni ikashindwa kulipa, na mwaka 2003 wakamalizia kwa paundi milioni 7.5. Gawanya wenyewe: ni wastani wa paundi 1,000 kwa mtu. Wengi walikufa wakisubiri.

Tunayataja haya kwa mambo mawili. Wasingefika hata hapo kama kila mmoja angekwenda peke yake. Na kuchelewa kuliwagharimu.

*6. Maazimio ya Kamati ya Tawi*

Kwanza, Jumatatu wajumbe wawili watamsindikiza mama mjane na binti yake ofisi ya WCF wakiwa na mafaili. Nauli itatoka kwenye mfuko wa tawi, na risiti zitasomwa mkutano ujao.

Pili, taarifa ya lile ghala imeandikwa kwenda OSHA, nakala kwa Baraza la Mazingira, NEMC. Vijana wetu hawakutajwa majina. Tunawaomba wasimame leo. Tunajua siku bila kibarua ni siku bila unga, kwa hiyo Kamati imeomba mashina yawachangie chakula cha wiki moja.

Tatu, mwenye kipande cha kigae hicho nyumbani asikivunje, asikikate, asikifagie kikavu. Akiloweshe maji, akifunike kwa nailoni, atoe taarifa kwa balozi wake. Watoto wasichezee hapo.

Nne, tunafungua daftari la wanachama wote waliofanya kazi viwandani, karakana na ujenzi. Jina, kiwanda, miaka, afya. Litakaa kwa Katibu na halitasomwa hadharani. Wenye dalili tutawaunganisha na chama chao cha wafanyakazi au wasaidizi wa kisheria, wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017.

Ndugu wanachama, rambirambi tutaendelea kuchanga, ni utu wetu. Lakini bahasha ya msiba isiwe ndiyo fidia ya mfanyakazi. Mzee wetu tulimpa pole akiwa amelala. Walio hai tuwape haki wakiwa bado wanapumua.



Imetolewa na Katibu wa Tawi, kwa niaba ya Kamati ya Tawi.