Msichana na Kujijua Nafsi Yake
(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wazazi)



Jioni moja nilimwuliza binti yangu, mwenye umri wa miaka 14, "Mwanangu, wapenda kuwa mtu wa namna gani?" Akainamisha macho, akajibu, "Upendavyo wewe, Baba." Niliisifu adabu yake, lakini usiku ule sikupata usingizi, maana niliona ya kuwa nimemfundisha kutii, bali sijamfundisha kujijua.

Mwaka 1966 mtaalamu wa Marekani, James Marcia, alieleza hali nne za vijana. Wako wasiojali wala kutafuta. Wako waliopokea shauri la wakubwa pasipo kulipima. Wako wanaotafuta bado. Na wako waliokwisha kutafuta, wakachagua, wakasimama imara. Binti yangu alikuwa katika kundi la pili. Naye ni kama mche uliofungwa kwenye mti mkavu: husimama wima, lakini kamba ikikatika huinamishwa na upepo wowote.

Je, mafunzo yaweza kumsaidia? Yaweza. Mwezi wa Agosti 1996, huko Gatunga katika nchi ya Tharaka, wasichana karibu 30 walipewa mafunzo badala ya kutahiriwa. Chama cha Maendeleo ya Wanawake kilisaidia kuianzisha desturi hiyo, iitwayo Ntanira na Mugambo, yaani tohara kwa maneno. Walikaa faraghani, wakafundishwa habari za mwili, afya na heshima, na jinsi ya kusimama mbele ya wenzao wanaowashawishi. Kisha wakatoka hadharani kwa nyimbo na shangwe. Sherehe ya kuingia utu uzima haikufutwa. Kilichoachwa ni kisu.

Lakini sherehe peke yake haitoshi. Msichana akirudi kwa wazazi na majirani ambao hawakushauriwa, mafunzo yake hupingwa mlangoni.

Basi, tusidhani kwamba mwalimu aweza kumpa mtoto nafsi kama ampavyo daftari. Aweza kumpa maarifa, na ruhusa ya kuuliza. Kuchagua ni kazi ya mtoto mwenyewe, na kungoja ni kazi yetu.

Juma lililopita nilimwuliza binti yangu swali lile lile. Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Baba, sijui bado. Nafikiri." Nami nikamwambia ya kuwa jibu hilo ni bora kuliko lile la kwanza.