Ukame katika Bonde la Mto Nzoia



Wengi wakisikia neno "ukame" huikumbuka Turkana au Garissa. Hawaifikirii Kakamega, ambako mvua ya mwaka hukaribia milimita 2,000. Lakini ukame si jambo moja na ukavu wa nchi. Nchi kavu ni kavu miaka yote. Ukame ni kupungukiwa na mvua ile ambayo mahali pamezoea kuipata. Kwa hiyo hata bonde la Nzoia laweza kupatwa nao.

Mto huo huanzia vilima vya Cherangani na Mlima Elgon, hupita katika nchi ya mahindi na miwa, kisha huingia Ziwa Viktoria upande wa Budalangi. Katika bonde kubwa namna hiyo mvua haiwi sawa. Watu wa Budalangi huweza kufurikiwa na maji ya mvua iliyonyesha mbali milimani, hali mashamba yao wenyewe hayakupata tone. Ndiyo sababu kipimamvua kimoja hakiwezi kuwa shahidi wa bonde zima.

Jumla ya mwaka nayo yaweza kudanganya. Chukua mfano wa hesabu tu: miaka miwili, kila mmoja una milimita 1,900. Katika mwaka wa kwanza mvua za masika zilianza Machi zikaendelea vizuri. Katika wa pili Aprili ilikuwa kavu, mbegu zikafa udongoni, kisha Agosti mvua ikamwagika kwa wingi. Kitabuni miaka hiyo ni sawa. Ghalani si sawa hata kidogo.

Mwaka 1993 wataalamu watatu wa Marekani, McKee, Doesken na Kleist, walieleza njia ya kuliondoa kosa hilo. Mvua ya miezi fulani hulinganishwa na mvua ya miezi ile ile katika miaka mingi iliyopita. Ikiwa ni ya kawaida, alama yake ni sifuri. Ikishuka hadi moja chini ya sifuri, ukame umeingia. Ikifika moja na nusu, ukame ni mkali. Ikifika mbili, umepita kiasi. Hesabu ya miezi 3 hufaa kujua hali ya mashamba. Ya miezi 12 hufaa kujua hali ya mito na visima. Wataalamu waliokutana Lincoln, Nebraska, mwaka 2009 walikubaliana kwamba idara za hali ya hewa za nchi zote zitumie kipimo hicho.

Lakini hesabu hiyo hutaka kumbukumbu za miaka ipatayo 30, nazo hutoka katika mkono wa mtu asomaye kipimamvua saa tatu asubuhi, kila siku. Siku isiyo na mvua na iandikwe sifuri. Siku ambayo kipimamvua hakikusomwa isiandikwe sifuri kamwe, bali iachwe wazi na sababu yake ielezwe. Anayejaza sifuri za uvivu huzua ukame ambao haukuwako. Na anayekisia mvua huuficha ukame uliokuwako kweli. Katika hali zote mbili atakayepata hasara ni mkulima, kwani shauri la lini kupanda na mbegu gani kupanda hutegemea daftari hilo.